Jinsi ya Kuitazama Picha ya Kiumbe wa Ngano: Maelezo ya Fundi wa Fremu

Mimi ni fundi wa fremu hapa Ngara, Nairobi. Wateja huniita Mama Fremu, na kazi yangu ni kukata mbao na kioo na kuzipa picha za watu mahali pa kukaa. Nyingi ni za mahafali, za harusi na za marehemu. Katikati ya hizo hujipenyeza za aina nyingine: nguva aliyeketi mwambani, malaika mwenye upanga, jini akitoka moshini, msichana msituni na mbwa mwitu nyuma yake. Vijana wanazitoa kwenye intaneti, wanazichapisha maduka ya River Road, wananiletea zikiwa bado zinanuka wino. Nikiuliza, "Umependa nini humu?" najibiwa, "Ni mrembo tu, mathe," na macho yamesharudi kwenye simu.

Picha hizo mimi hukaa nazo kuliko wenyewe. Gundi ina wakati wake, haiharakishwi, na inapokauka huna la kufanya ila kutazama. Ninayoandika hapa ndiyo ninayomwambia mteja mwenye subira ya kunisikiliza. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: picha ya Binti Mfalme Bata Maji, ya mchoraji Mrusi Mikhail Vrubel. Aliichora mwaka 1900 kwa rangi za mafuta, na iko katika jumba la sanaa la Tretyakov mjini Moscow. Moscow sijafika. Ninayoitazama ni nakala, sawa na utakayoitazama wewe. Vrubel alifariki mwaka 1910, kwa hiyo unaweza kuichapisha na kuitundika nyumbani bila kudaiwa na mtu.

Kwa asiyewahi kuiona: ni mwanamke mwenye mabawa makubwa, nyuma yake bahari ya giza, jua likiwa limekwisha kuzama. Kichwani ana taji refu la vito, na kutoka hapo inashuka shela. Mwili ametupa kisogo, lakini uso ameugeuza anatutazama kwa macho makubwa meusi. Mkono mmoja ameuinua karibu na kidevu. Mbali kabisa kuna mji wenye taa nyekundu.

Pata nakala isiyokudanganya

Picha hii imejaa buluu nzito, zambarau iliyopauka, waridi na kijivu cha lulu. Hizo ndizo rangi zinazoteseka zaidi mikononi mwa wachapishaji wetu. Wao wamezoea kuongeza mwangaza na kukoleza kila kitu ili king'are. Bibi harusi atawashukuru, lakini picha ya machweo wanaimaliza. Mwambie kijana wa mashine, "Chapisha ilivyo, usiguse rangi," kisha usiondoke hapo mpaka karatasi itoke. Chukua karatasi isiyong'aa.

Tafuta faili kubwa. Faili ndogo ikivutwa hutoa viraba, na kwa picha hii hasara ni mara mbili, kwa sababu Vrubel mwenyewe alichora kwa vipande vidogo vidogo vya rangi. Ukiwa na faili mbovu hutajua kipande kipi ni cha mkono wake na kipi ni cha kompyuta. Kama unatazama kwenye simu, zima kwanza ile hali ya usiku inayogeuza skrini kuwa ya manjano.

Mwanga wa chumba nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Balbu ya manjano ina buluu kidogo sana ndani yake, kwa hiyo chini yake zambarau inageuka rangi ya majivu na nusu ya picha inatoweka. Tazama mchana, karibu na dirisha, bila jua kuigonga moja kwa moja. Asubuhi ya mwezi wa saba hapa Nairobi, mawingu yamefunika jiji na kila mtu amevaa sweta akilalamika, ndiyo saa bora kuliko zote. Mwanga ni mweupe na umetulia.

Jambo moja zaidi kabla hujaketi. Picha halisi ina urefu wa sentimita 142.5 na upana wa sentimita 93.5. Chukua tepu ya kupimia na chaki, nenda mlangoni. Utaona upana wake ni karibu sawa na wa mlango wa chumba, na ukipima kutoka sakafuni, ukingo wa juu unamfikia mtu mzima begani au kidevuni. Yaani huyu mwanamke ana umbo linalokaribia lako. Kwenye simu anaenea kiganjani na hakusumbui. Ukishachora ule mstatili wa chaki mlangoni ndipo unaelewa kwamba macho yale yalikusudiwa kukutazama kwa ukubwa wa macho ya mtu.

Usiulize jina kwanza

Najua nimeshakutajia jina, lakini ukiletewa picha nyingine ya namna hii, pinga ile tamaa ya kutafuta mara moja huyu ni nani na alifanya nini. Ukishaijua hadithi, jicho linaacha kufanya kazi. Linahesabu tu: mabawa, ndiyo, taji, ndiyo, bahari, ndiyo, basi.

Anza kwa kujiuliza jicho lako limetua wapi kwanza. Kwa wengi ni kwenye macho yake. Sawa, halafu likichoka hapo linakwenda wapi? Langu linateremka na shela mpaka kwenye mabawa na linakawia huko. La kijana wangu wa kazi hukimbilia taji. Hakuna jibu la mtihani, ila fuata njia ya jicho lako bila kulisukuma.

Halafu finya macho mpaka vitu vidogo vipotee. Kinachobaki ni umbo kubwa jeupe-jeupe upande wa chini, giza la buluu kulizunguka, na doa dogo la uso. Hapo ndipo utagundua kwamba uso uliokuvuta ni sehemu ndogo tu. Nafasi kubwa mchoraji ameipa manyoya. Mtu anayetaka kuchora mwanamke mrembo tu hafanyi hesabu ya namna hiyo.

Igeuze juu chini. Wateja hunicheka ninapofanya hivyo, na wengine hufikiri nimechanganyikiwa. Lakini picha ikiwa juu chini akili inaacha kuona mwanamke, inaanza kuona rangi zimepangwaje, zito ziko wapi, nyepesi ziko wapi, na mkunjo gani unaitikia mkunjo gani.

Sasa irudishe, kisha uliza swali ninalolipenda kuliko yote: mwanga unatoka wapi? Jua limezama. Mtu aliyesimama na machweo nyuma yake, uso wake huwa mweusi. Jaribu kumpiga mwenzako picha Uhuru Park saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likiwa mgongoni pake, uone. Huyu uso wake ni mweupe, na mabawa yake yanashinda anga kwa kung'aa. Hakuna taa mbele yake, wala mshumaa. Liache swali hilo hapo, tutalirudia.

Mahali mtu anapokutana na ndege

Hapa ndipo ninapotaka ukae. Kila kiumbe wa ngano ni vitu viwili vilivyounganishwa: mtu na samaki, mtu na ndege, mtu na farasi, mtu na moshi. Mimi nikitaka kujua fundi mwenzangu ni wa aina gani, sitazami nakshi za fremu yake. Natazama pembe, pale mbao mbili zinapokutana kwa nyuzi 45. Kama kuna mwanya uliozibwa kwa vumbi la mbao na gundi, nimeshamjua. Wachoraji wa nguva na malaika nawakagua hivyo hivyo.

Nguva wengi ninaoletewa, pamoja na wale waliochorwa kwenye kuta za hoteli za samaki na nyuma ya matatu, wamefungwa mshipi kiunoni. Juu mtu, chini samaki, katikati mstari. Mabawa ya malaika nayo yametokea tu mgongoni, hayana bega, hayana uzito, na nguo haijachanika yanapopita. Sisemi ni picha mbaya. Nyuma ya matatu inayokimbia Jogoo Road, mstari ulio wazi ndio unaofaa, kwa sababu unaiona mara moja na imeshapita. Lakini picha ya kukaa nayo ukutani miaka mingi inahitaji kiungo kilichofikiriwa.

Weka kidole chako juu ya taji la Binti Mfalme (juu ya kioo, tafadhali, si juu ya karatasi). Teremka na shela, pita begani, endelea kushuka. Niambie nguo imeishia wapi na manyoya yameanzia wapi. Hutapata. Shela inakuwa bawa bila mpaka, na ukirudi kutoka chini kwenda juu, bawa linakuwa nguo. Vrubel hakulificha jambo hilo kwa kivuli cheusi, kama wafanyavyo wengi. Ameliacha mwangani, mbele ya macho yako, na bado hulioni linapotokea.

Amefanyaje? Sogea karibu, au kuza faili mpaka bawa lijaze skrini. Hakuna unyoya mmoja uliochorwa kwa ukamilifu. Kuna vipande vya rangi vyenye kingo, vya kijivu, waridi, zambarau, na vingine vinavyokaribia buluu, vimelazwa kimoja kando ya kingine. Shela nayo imejengwa kwa vipande hivyo hivyo. Vito vya taji pia. Kwa kuwa kila kitu kimetengenezwa kwa tofali la aina moja, kinaweza kugeuka kuwa kingine bila wewe kujua.

Hilo hakulipata kwa bahati. Chuoni mjini Petersburg alifundishwa na Pavel Chistyakov, mwalimu aliyewataka wanafunzi walione kila umbo kuwa limejengwa kwa nyuso ndogo ndogo zilizoelekea pande tofauti. Mwaka 1884 Vrubel alikwenda Kiev kufanya kazi ya kuchora katika kanisa la kale la Mtakatifu Cyril, na kwa ajili ya kazi hiyo alikwenda Venice, mji wenye makanisa yaliyopambwa kwa picha za vipande vidogo vya kioo na mawe. Baadaye alifinyanga na kupaka vyombo na sanamu za kauri zenye mng'aro kwenye karakana ya tajiri Savva Mamontov huko Abramtsevo. Ukiyajua hayo, utaona kwamba mabawa haya yanatoka kwa mtu aliyeona kazi za kioo na mawe kwa macho yake, na akashika rangi ya tanuri kwa mikono yake.

Bata maji hawaishi porini kwetu, lakini usikate tamaa. Nenda mzunguko wa barabara wa Nyayo uwatazame wale korongo wakubwa wenye vipara wanaotua juu ya migunga. Usiangalie sura, maana sura Mungu hakuwapendelea. Angalia mgongo na bawa lililokunjwa. Huoni unyoya mmoja mmoja. Unaona mabamba ya kijivu, moja limeelekea mwanga, lingine limeupa kisogo. Ukirudi kwenye picha utaona kwamba Vrubel, kwa uzushi wake wote, alimtazama ndege wa kweli kwa makini.

Kuna kifaa kimoja ninachowapa wateja bure. Ninapokata kadibodi nyeupe ya kuzungushia picha hubaki vipande. Nachukua kipande cha ukubwa wa kiganja, natoboa tundu dogo katikati, dogo kuliko punje ya mahindi. Kiweke juu ya picha, tundu likiwa juu ya sehemu ya bawa uliyoamini ni nyeupe. Utashtuka. Utaona waridi, au kijivu, au zambarau, lakini nyeupe ya kadibodi yako hutaiona kabisa. Sogeza tundu polepole kuvuka bawa lote. Halafu lipeleke usoni. Halafu kwenye anga. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kucheza mchezo huu nusu saa bila kuchoka, na mtu mzima mwenye shughuli nyingi huanza kwa dharau akamaliza kwa kuomba apewe kile kipande aende nacho.

Sasa hadithi

Hapa ndipo ninaporuhusu hadithi iingie, na iingie kwa mdomo, kwa sababu ngano haikuumbwa isomwe kimya. Mwite mtoto, sema "Paukwa!", akijibu "Pakawa!" anza.

Hadithi yenyewe iliandikwa kwa mashairi na Aleksandr Pushkin mwaka 1831. (Babu wa mama yake mshairi huyo, Abram Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akafika Urusi kupitia Istanbul, akalelewa na Tsar Peter Mkuu, na baadaye akawa jenerali. Wateja wangu hulifurahia jambo hilo kuliko yote ninayowaambia.) Mfalme Saltan anadanganywa na ndugu wa mkewe, na mama na mtoto wanatiwa kwenye pipa na kutupwa baharini. Pipa linafika kisiwani. Mtoto, Gvidon, ameshakuwa kijana. Anatengeneza upinde na kumpiga mwewe aliyekuwa akimvamia bata maji mweupe. Yule ndege anamwambia: uliyemuua si mwewe, ni mchawi. Tangu hapo anamlipa wema. Anamzushia mji usiku mmoja. Anamgeuza mbu, nzi, kisha nyuki bambi, ili aruke kwenda kumwona baba yake na kuwauma ndugu wabaya wa mama yake huko huko. Mwishowe Gvidon anasikia habari za binti mfalme ambaye mchana anaufunika mwanga wa jua na usiku anaiangazia dunia, mwezi uko chini ya nywele zake zilizosukwa na nyota inawaka kwenye paji la uso. Anataka kwenda kumtafuta hadi mwisho wa ulimwengu. Bata maji anapiga mabawa, anajikung'uta, na ni yeye.

Rudi kwenye lile swali la mwanga. Mchoraji mvivu angebandika mwezi na nyota, akaweka sahihi, akadai malipo. Vrubel ameusambaza. Mwanga ambao mshairi aliuweka kwenye mwezi mmoja na nyota moja umeenea usoni, kwenye vito, kwenye manyoya, na ndiyo sababu uso hauwi mweusi ingawa jua limezama nyuma. Huo ndio ufundi wa kuchora ngano ninaouheshimu: hadithi imeingia ndani ya rangi, haikubandikwa juu.

Kisha uliza amechagua dakika gani. Angeweza kuchora mshale, mwewe, pipa, harusi. Amechagua mgeuko wenyewe, na hata hapo hakutuambia unaelekea wapi. Je, ni ndege anakuwa mtu, au mtu anakuwa ndege? Anakuja au anaondoka?

Swali hili limezua ubishi dukani mwangu. Mzee mmoja wa Gwassi aliyeleta picha ya mjukuu wake alimwona Binti Mfalme ukutani akasema, "Huyo anarudi majini, mama. Angalia mgongo." Kisha akatusimulia habari za Nyamgondho wa Ombare, mvuvi maskini wa Ziwa Victoria aliyenasa kikongwe mtegoni badala ya samaki. Akamchukua nyumbani, na ng'ombe wakaongezeka mpaka boma likajaa. Siku moja Nyamgondho akalewa, akamtukana. Yule mama akaondoka kurudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata majini. Nyamgondho alisimama ufuoni akiwatazama akageuka mti, na kule Nyandiwa hadi leo watu huonyeshwa mahali penyewe. Binti mmoja mwanafunzi aliyekuwa akingoja fremu yake hakukubali. "Amefika sasa hivi, mzee. Tazama macho. Mtu anayeondoka hatazami hivyo."

Pushkin yuko upande wa binti, maana katika shairi wanaoana na kuna karamu. Mimi niko upande wa mzee. Mwili unakwenda, uso unaaga. Lakini ninachotaka ukione ni kwamba wote wawili walitumia ushahidi wa picha, mmoja mgongo na mwingine macho. Mtu akikuambia "nahisi ana huzuni", muulize ameiona wapi. Kama hawezi kuweka kidole, hisia ni zake mwenyewe na picha haihusiki.

Habari za mchoraji, kwa kiasi

Inafaa kujua kwamba mwaka huohuo 1900 hadithi hii iliimbwa kwa mara ya kwanza jukwaani Moscow katika opera ya mtunzi wa muziki Rimsky-Korsakov. Ndimo ulimo ule muziki maarufu wa nyuki anayevuma kwa kasi. Umeusikia hata kama hujui jina lake. Sehemu ya bata maji iliimbwa na Nadezhda Zabela, mke wa Vrubel, na Vrubel mwenyewe ndiye aliyebuni mandhari na mavazi. Kwa hiyo taji na shela vina harufu ya jukwaa, na yale macho yanaweza kuwa ya mwimbaji anayetoka huku akigeuka kuwatazama watu waliokaa gizani. Hapo habari za maisha zinasaidia.

Mahali pengine zinaharibu. Watu wakisikia kwamba Vrubel alipatwa na ugonjwa wa akili, akampoteza mwanawe mdogo, akapofuka, hurudi kwenye picha wakasema, "Aaa, ndiyo maana macho yana wazimu." Hesabu miaka. Ugonjwa ulimshika mwaka 1902, mtoto alizaliwa mwaka 1901 na akafa mwaka 1903, upofu ulikuja mwaka 1906. Picha ni ya mwaka 1900, mtu yuko kazini na mke wake anaimba. Usimtwike msiba ambao haujamfika.

Nenda ukaone rangi yenyewe

Nakala haikufundishi unene wa rangi. Kwa hilo lazima utoke nyumbani. Nairobi Gallery, katika lile jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, lina mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya. Jumba la makumbusho la taifa pale Museum Hill liko mwendo mfupi kutoka kwangu. Ukienda, simama ubavuni mwa picha badala ya mbele yake, uone rangi ilivyoinuka au kulala. Kisha rudi nyuma hatua moja moja mpaka vipande vigeuke kitu. Mahali vinapogeuka, simama.

Ukibahatika kukuta kazi ya Jak Katarikawe, kaa nayo. Alizaliwa Uganda akaishi na kuchora hapa Nairobi mpaka alipofariki mwaka 2018, na ng'ombe na tembo wake wana mambo ya mapenzi na ndoto kuliko binadamu wengi ninaowajua. Mpime kwa maswali yale yale: mwanga unatoka wapi, mnyama na mtu wameunganikaje, nani anakuja na nani anaondoka.

Ukitaka kuitundika

Watu wakiniletea binti mfalme wanaomba fremu ya dhahabu yenye maua. Nakataa kwa adabu, na mteja akishikilia, basi pesa ni zake. Dhahabu inayong'aa inashindana na taji na kulishinda, na rangi za lulu zinabaki zimepauka tu. Kwa picha hii chukua mbao nyeusi au kahawia iliyokolea, upana wa vidole viwili, isiyopakwa vanishi ya kung'aa. Usizungushie kadibodi nyeupe kabisa, maana umeshaona kwa lile tundu inavyoyafanya mabawa yaonekane machafu. Omba kijivu au rangi ya mchanga. Acha nafasi ndogo kati ya karatasi na kioo, la sivyo unyevu wa mwezi wa nne utazigandisha pamoja.

Itundike macho yake yakiwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama, kwenye ukuta ulio ubavuni mwa dirisha. Ukiiweka mkabala wa dirisha utajiona wewe na pazia. Na ukija kwangu, njoo na picha imeviringwa ndani ya bomba la kadibodi, upande wenye rangi ukiwa nje. Wanaozikunja mara nne wakazitia mfukoni siwezi kuwasaidia, ule mkunjo hautoki.